Kufunga kizazi paka ukiwa na kipato kidogo: hela ya daktari ni nusu tu ya mzigo

Kiukweli watu wengi wakisikia kuna kambi ya kufunga kizazi paka na mbwa, bure au kwa bei ya chini, wanaona basi yameisha, mnyonge kasaidiwa, asiyekuja kataka mwenyewe. Mimi ni fundi cherehani Mbagala, kibanda changu kiko njiani kabisa, kila anayepita anasimama anaongea, na kwa miaka sasa nimejikuta ndo mtu wa kuulizwa habari za paka mtaa mzima. Nilichokiona ni kwamba hela ya daktari ni nusu tu. Ile nusu nyingine haina mtu anayeitaja kwenye tangazo na ndo inayowarudisha watu nyumbani na paka wao wakiwa vilevile walivyokuja, au wasifike kabisa.

Huku uswahilini paka anafugwa kwa kazi. Mimi panya akitoboa kitenge cha mteja nalipa kitenge kizima, na nyumba zetu unajua zilivyo, dari ya mbao, uchochoro nyuma, mtaro, duka la nafaka jirani, bila paka hulali. Kwa hiyo mtu anachukua kapaka kadogo ka kike kwa jirani, anakalea, na kabla hata hajazoea kukaita jina kameshaanza kulia usiku na madume yamejaa juu ya bati. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, anabeba kama siku 63, na anaweza kushika nyingine huku bado ananyonyesha. Alafu huku kwetu mchana na usiku vinakaribia kulingana mwaka mzima, sio kama Ulaya ambako wanazaa zaidi siku zikiwa ndefu, huku paka hawana msimu, wanazaa tu Januari mpaka Disemba. Paka wangu Kidoti alizaa watoto wa pili wale wa kwanza bado wanamfuata nyuma wanataka ziwa, yeye mwenyewe kabaki mifupa na ngozi. Watoto unagawa mpaka watu wa kugawia wanaisha, na ukipita sokoni asubuhi unakuta boksi, unajua kilichomo kabla hujafungua.

Nilipouliza bei ya kumfunga kizazi nikaambiwa laki moja na ishirini. Dume ilikuwa kama nusu yake. Sasa chumba chetu kimoja kodi elfu hamsini kwa mwezi, hiyo laki na ishirini ni zaidi ya miezi miwili ya kulala ndani. Sikukasirika na sikuona kama dokta anatubania, maana alikaa akanielewesha: dume ni kazi ya dakika chache, korodani ziko nje, lakini jike anafunguliwa tumbo, anatolewa mfuko wa uzazi na mayai yake, kuna dawa ya usingizi, glavu, nyuzi, dawa ya maumivu, antibayotiki, na muda wa kumwangalia mpaka aamke. Vitu hivyo vingi vinaagizwa kutoka nje na bei yake haijui kama mwenye paka anashona au anauza maandazi. Nikaelewa kwamba pale kati, baina ya gharama halali ya dokta na mfuko wa mtu kama mimi, lazima kuwe na mtu wa tatu anayejazia, iwe shirika, iwe halmashauri, iwe wasamaria wema. Mashirika ya ustawi wa wanyama yapo, hapa Dar kuna TAWESO, Arusha kuna Mbwa wa Africa, majirani zetu Nairobi wana KSPCA, na ni watu wanaofanya kazi kubwa sana kwa hela kidogo, Mungu awazidishie.

Basi kambi ikaja, siku ikatangazwa, bure. Mimi nilimpeleka Kidoti na akafungwa salama. Lakini niliporudi nikaanza kuwauliza wenzangu mmoja mmoja mbona sijawaona, na majibu yao ndo yamenifundisha kila ninachokijua leo.

Mama Rehema anauza samaki wa kukaanga, asubuhi yuko Feri kununua, mchana jikoni, jioni barazani. Kambi ilikuwa siku ya kazi, unafika asubuhi unapewa namba unasubiri mpaka paka azinduke, yani siku nzima. Siku nzima kwake ni mtaji wa kesho. Bibi Mwanahawa ana paka watatu na miguu inamuuma, bajaji kwenda na kurudi iliombwa elfu kumi na tano, daladala konda kamkatalia kwa sababu paka alikuwa kwenye kiroba analia na abiria wanalalamika. Kijana mmoja mpangaji anasema mwenye nyumba kamwambia hataki kuona mnyama mwenye kidonda ndani ya uzio wake. Mwingine alifika kabisa, kaingia foleni, akaambiwa paka hapokelewi kwa kuwa alikula asubuhi, maana hakuna aliyemwambia kwamba paka mkubwa asile tangu usiku, akila akapigwa dawa ya usingizi anaweza kutapika na chakula kikaingia kwenye mapafu. Karudi na paka wake na nauli imeshaliwa. Huyo sikumlaumu hata kidogo, tangazo lilisomeka "bure", halikusema kingine chochote.

Kwa hiyo tukaanza na hayo madogo. Kubebea tukatumia tenga la kuku, lile la miti, mwenye banda la kuku anatuazima, tunalifunika kanga ili paka wasione njia, wakiwa gizani wanatulia na konda halalamiki. Lakini ukweli daladala tuliacha, tukamweka kijana wetu mmoja wa bajaji, anapita nyumba kwa nyumba alfajiri anakusanya, watu sita wanachangia safari moja badala ya kila mtu na yake, na anayekwenda na paka wote ni mtu mmoja au wawili ambao siku hiyo hawana biashara, wengine wanabaki na kazi zao. Hapo peke yake watu waliokuwa wanasema "nitaona" wakaanza kuja wenyewe kibandani kuandikisha majina. Usiku wa kuamkia siku yenyewe napita na simu, nawapigia, mwambieni mtoto asimpe paka dagaa, maji sawa, chakula hapana, vitoto vidogo tunamuuliza dokta kwanza kwa sababu havifai kukaa na njaa muda mrefu.

Sasa kinachofuata baada ya operesheni, hapa ndipo ningependa wenye mashirika wanisikilize vizuri. Paka anarudi kwenye chumba kimoja chenye watu watano. Kile kikola cha plastiki cha shingoni kinauzwa, na hata ukikipata paka anagonga nacho kila kitu na watoto wanakivua. Asipovaa kitu analamba mshono mpaka nyuzi zinatoka. Mimi kwa kazi yangu nikaanza kushona vifulana, nachukua mkono wa tisheti kuukuu, natoboa matundu manne ya miguu, mgongoni naweka kamba za kufunga, nyuma nakata wazi ili aende haja bila kujichafua. Kitambaa kivutike, kiwe cha pamba, kisibane tumbo. Havigharimu kitu, ni vipande vinavyobaki kwenye cherehani, na tangu tumeanza kuvitumia mishono iliyofumuka imekuwa nadra. Sa hivi kila paka anayetoka mtaani kwetu anakwenda na kifulana chake kwenye mfuko na namba ya simu ya dokta imeandikwa kwa kalamu juu ya kitambaa.

Alafu dawa za nyumbani. Watu wana huruma na paka wao, wakimwona ananyong'onyea wanampa panadol. Jamani panadol inaua paka, mwili wake hauwezi kuisaga, hata kidonge kimoja ni sumu kwake. Wengine wanapaka spiriti juu ya kidonda, wengine wanaosha na maji ya chumvi, wengine wanatia majivu. Daktari akisema kausha na uache, basi kausha na uache, siku kumi mpaka kumi na nne asiruke sana, asilale kwenye vumbi, ukiona usaha au harufu au siku ya pili hataki kula piga simu. Maneno haya dokta anayasema pale kambini, lakini anamwambia mtu aliyechoka, paka kalala, mtoto analia mgongoni, foleni inasukuma. Lazima arudie mtu wa mtaani kesho yake, nyumbani kwake, taratibu, na huyo mtu wa mtaani hata akipewa vocha ya simu tu ya elfu mbili kazi inafanyika.

Kuna jambo lilinisumbua sana, nalo ni kumtaka mtu athibitishe umaskini wake. Sehemu moja walikuwa na bei ya punguzo nzuri kabisa, lakini wakataka barua ya serikali ya mtaa kwamba huyu kipato chake ni kidogo, au uonyeshe kwamba kaya yako iko kwenye orodha ya TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Sasa fikiria mama mtu mzima aende ofisini kukaa kwenye benchi mbele za watu kueleza kwamba yeye maskini, kwa ajili ya paka, na barua yenyewe ina mchango wake wa kutoa. Wengi waliona bora waache. Na waliokuwa TASAF ni wale wachache wenye hali ngumu kabisa, katikati hapo kuna sisi wengi tusio kwenye orodha yoyote lakini laki moja hatuna. Naelewa wanaogopa watu wenye uwezo kuja kula punguzo la wanyonge, hofu yao ni ya haki, ila mwenye gari lake hatakuja kupanga foleni tangu alfajiri Mbagala chini ya turubai, mahali na namna ya kambi vinachuja watu vyenyewe. Wekeni bei moja ya chini kwa kila anayekuja, mtu asiulizwe habari za mfuko wake.

Kuhusu bure kabisa au kuchangia kidogo, mimi nimeona kuchangia kunasaidia ikiwa mtu analipa kidogo kidogo na mapema. Kwenye kikoba chetu tukaweka kamfuko pembeni, kila wiki shilingi mia tano ya wanyama, hailazimishwi. Mtu akiwa na paka anayekaribia umri anakopeshwa hapo, analipa taratibu bila riba. Aliyeweka elfu tano yake anakuja siku ya kambi hata mvua ikinyesha. Lakini asiyekuwa nayo tunamwandika vilevile, maana paka wake hatabagua uchochoro wa kwenda kuzalia. Mdogo wangu anaishi Los Angeles kwa miaka mingi, kaniambia jiji lao linatoa vocha kwa wakazi wa kipato cha chini, unaipeleka kwa daktari anayeshirikiana nao, na gharama inabebwa. Natamani sana kitu cha namna hiyo hapa, na kwa jinsi tunavyotumiana hela kwa simu isingekuwa ngumu, shirika linatuma namba ya siri kwa mwenye paka, dokta aliyesajiliwa anaitumia, basi, kambi isiwe ndo njia pekee ya mara moja kwa mwaka.

Wazee wetu waliuliza swali la dini na lilikuwa swali la kweli, halikuwa la kukwepa. Je tunaruhusiwa kumzuia kiumbe asizae? Tulikwenda kwa imamu wa msikiti wetu, tukamweleza kwa kirefu, vitoto kwenye maboksi, paka kugongwa barabarani, watu kuweka sumu. Akatukumbusha hadithi ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie, akasema kuna wanazuoni wanaokataza na wengi wa sasa wanaruhusu pakiwa na haja ya kweli na mnyama asidhuriwe, na kwamba haja hiyo kaiona kwa macho yake. Baada ya hapo Mzee Juma, ambaye alikuwa mkali kuliko wote, akamleta dume lake mwenyewe. Nawashauri wenye kambi wasifike mtaani na spika kabla hawajakaa na imamu, na mchungaji, na mjumbe. Siku moja ya mazungumzo hayo inafungua milango ambayo vipeperushi haviifungui.

Njia za mkato zipo na zinauma. Kule vijijini dume anatiwa kwenye gunia kichwa ndani, anakatwa na wembe bila ganzi, na wapo wanaofanya hivyo hapa mjini kwa elfu tano. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, lakini anayemwita huyo mtu wa wembe hana nia ya kutesa, anataka tatizo liishe na hana hela nyingine. Wengine wanawapa paka vidonge vya uzazi wa mpango vya binadamu, au wanawachoma ile sindano ya miezi mitatu. Jirani yangu alifanya hivyo kwa mapenzi kabisa, alikuwa anaona anampumzisha, na paka akaanza kunywa maji kupita kiasi, tumbo likajaa, akatokwa uchafu wenye harufu. Kizazi kilikuwa kimejaa usaha. Dokta akasema homoni zile kwa paka zinaweza kuleta hilo na pia uvimbe wa maziwa. Ilibidi afanyiwe operesheni ya dharura, ambayo ni ghali kuliko ile ya kawaida, tukachangishana mtaa mzima na alipona, lakini yule mama alilia sana na hakustahili kulia, alikuwa katafuta msaada akakosa akatumia alichonacho.

Mbwa sina uzoefu nao kama paka ila wako kwenye hesabu hii hii, na hapo ni uhai wa watoto wetu. Karibu vifo vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu, asilimia 99, vinatokana na mbwa, na Shirika la Afya Duniani linasema ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo ugonjwa unakatika. Ila unachanja leo, majike yanazaa, baada ya mwaka mtaa umejaa mbwa wadogo wasio na chanjo na asilimia yako imeshashuka, ndo maana kufunga kizazi na kuchanja vinakwenda pamoja. Pemba walipochanja mbwa wao kwa bidii kuanzia 2010 waliutokomeza, ukaingizwa tena 2016, wakachanja tena wakautokomeza 2018. Kuwapiga risasi au kuwatega sumu hakujasaidia popote, wakiuawa waliochanjwa wanaingia wengine wasiochanjwa. Walinzi wanaogopa kwamba dume akihasiwa atakuwa mlegevu hatabweka, si kweli, anabweka na analinda, anachopunguza ni kuzurura kufuata majike na kupigana, na anaepukana kwa kiasi kikubwa na ule uvimbe mbaya wa sehemu za siri ambao mbwa wanaambukizana wakipandana.

Kwa mwenye paka anayesoma hapa na hana hela, usisubiri azae kwanza, hakuna faida yoyote kwake, na mapema ndo rahisi, kidonda kidogo, dawa kidogo, na majike yanayofungwa kabla ya joto la kwanza, yani kabla hajaanza kulilia madume, hatari yao ya uvimbe wa maziwa inakuwa ndogo sana baadaye. Piga simu ofisi ya mifugo ya kata yako uulize kama kuna kampeni, Septemba karibu na tarehe 28, siku ya kichaa cha mbwa duniani, mara nyingi kunakuwa na chanjo na hapo unaweza kukutana na madaktari wanaojua kambi ijayo iko wapi. Muulize dokta kama kasajiliwa na Baraza la Veterinari, hatakasirika dokta wa kweli. Muulize kama unaweza kulipa kwa mafungu, wapo wanaokubali. Mkiwa watu watano mna paka watano nendeni pamoja mkaongee bei, dokta akija mara moja akafanya wote anatumia nguvu kidogo kuliko kuja mara tano. Na ukiona paka wa mtaani ncha ya sikio imekatwa usimshike tena, huyo kashafungwa, walimkata akiwa amelala ili ajulikane.

Kwa wenye mashirika na wafadhili, naomba bajeti zenu ziwe na kifungu cha bajaji, cha matenga, cha simu za kufuatilia, na cha posho ya mtu wa mtaani. Mkileta dawa za paka mia na nauli za sifuri mtafunga paka wa wenye nafasi, na mtaandika kwenye ripoti kwamba jamii haina mwamko. Mwamko upo, nina daftari hapa mezani limejaa majina.

Kinachotushinda mpaka sasa ni majike ya mbwa wakubwa wanaolinda magereji na viwanja, hawana mwenyewe mmoja, kila mtu anawapa makombo na hakuna anayeweza kuwashika, na tenga la kuku haliwatoshi. Tumeongea na mwenye gereji moja, kakubali kuwafungia kwenye stoo yake usiku wa kuamkia siku ya kambi, dokta kasema atakuja mwenyewe na sindano ya kuwalegeza. Wa kwanza ni yule mwekundu wa pale stendi, anakaribia kuachisha, na vitoto vyake vinne vimeshapata pa kwenda, viwili kwa mlinzi wa shule, kimoja Kongowe, kimoja kwa shemeji yangu.